Pakiti Isiyoenea

Salha aliketi kuikagua programu ya Ngwali, kijana wa ofisini mwake, akiwa amekwisha amua kuirudisha iandikwe upya. Programu hiyo ndiyo ingeendesha kadi ya mtandao ya mashine za wodini, zinazowapelekea wauguzi mapigo ya moyo ya wagonjwa, na uandishi wake ulikuwa vurugu: mistari imepinda, majina ya herufi mojamoja.

Alianza kutia alama za makosa, kisha mkono ukasita. Kila pakiti ya data iliyoingia, programu ya Ngwali iliipima urefu kabla ya kuiweka kwenye kumbukumbu ya mashine. Isiyoenea kwenye nafasi yake iliitupa, kazi ikaendelea.

"Ngwali, hebu njoo," aliita. "Mwongozo wa kadi unasema pakiti haiwezi kuzidi urefu huu. Mbona unapima tena?"

"Kadi ikiharibika, dada, itasema chochote. Pakiti ikizidi inafurika, inafuta data iliyo jirani yake kwenye kumbukumbu, mashine inazima. Na mgonjwa yuko pale pale."

Salha alisoma hadi mwisho. Alikwisha kagua kazi nyingi zenye uandishi wa kupendeza, lakini uangalifu wa namna hii hakuwahi kuuona.

"Nyoosha mistari, weka majina yanayosomeka," alisema. "Vipimo vyako vya urefu usiviguse hata kidogo."

Kisha akachomeka kadi ya majaribio kwenye mashine ya wodini iliyokuwa mezani na kuirushia pakiti mbovu kwa makusudi, nyingi, kubwa kubwa. Wote wawili waliinamia kioo. Mstari wa mapigo ya moyo ya majaribio ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, na mashine haikuzima.