Kelele za Motokari ya Beya

"Piii! Piii! Piii!" Motokari ikapiga breki yenyewe katikati ya barabara, na Beya akabaki ameukumbatia usukani. Mbele hapakuwa na mtu, wala mbuzi, wala pikipiki. Palikuwa na vumbi jekundu tu, lililoachwa na lori la mawe ya shaba.

"Sasa umeona nini?" akaiuliza. "Vumbi? Utasimama kwa kila vumbi ya Kolwezi? Basi tutafika Noeli!"

Motokari ikamjibu kwa Kichina. Ilikuwa imetoka China hata wiki haijaisha, na ilikuja na tabia zake zote za kwao: inaona, inasikia, inaonya, haichoki. Beya, fundi umeme wa mgodini, alibonyeza kila kitufe ili ainyamazishe, akaishia kuwasha kiyoyozi. Akacheka peke yake mpaka machozi. Leo hakuna ambacho kingemharibia siku. Leo alikuwa anakwenda Mutoshi kusikia jibu: anapewa Annie, au hapewi.

Baba yake Annie alishakubali. Wajomba walishakubali. Aliyebaki ni mama, Mama Bilonda, na hapo ndipo penye shughuli. Kwao, watu wa Kasai, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani; neno la huyu hupitia kinywa cha mwingine ndipo limfikie yule. Tangu siku ya posa, Mama Bilonda akisikia Beya anaingia uani, yeye hutoka kwa mlango wa jikoni. Na kila alipoulizwa, alijibu lile lile: "Mutoto wangu nimupe mutu mwenye najua kwa kuambiwa tu?"

"Piii! Piii!" Safari hii ilikuwa taa nyekundu yenye picha ya kiti cha nyuma: kuna mtu hajafunga mkanda.

"Unadanganya!" Beya akapiga ukelele. "Nyuma kuko bunga tu!"

Unga huo, na masufuria, na ndoo, vilipakiwa asubuhi na Kankolongo, kaka yake Annie, wakati Beya bado ananyoa ndevu. Juu ya vyote akatandaza kitenge kikubwa. "Shemeki, usifunue," alimwambia. "Vumbi itaharibu bitu ya mama." Kisha akapanda pikipiki, eti anatangulia kuwapanga wazee.

Safari ikaendelea, na motokari haikupumzika. Ililia kwa shimo. Ililia kwa kuku. Ilimlilia mama mmoja aliyejipitia zake kando ya barabara na beseni la mikate kichwani, naye akaitukana vizuri. Beya alipovuka mstari ambao haujawahi kuchorwa, usukani ukatetemeka. Alipopiga mwayo, ikatokea picha ya kikombe cha kahawa.

"Kahawa nitatoa wapi huku? Ungeileta kwenu!"

Breki tena. Mizigo ya nyuma ikaguna kidogo.

"Unaona? Hata bunga imechoka na wewe. Kelele yote hii, hata mama buko hawezi!"

Akajiziba mdomo. Mama buko ndiye mama mkwe, na mkwe mwenye adabu hamtaji ovyo hata akiwa peke yake. Akaomba radhi kwa kioo cha mbele: "Pardon, mama. Ni hii motokari njo inanichokoza." Halafu akacheka tena, maana furaha na woga vilikuwa vimemjaa kifuani hata hajui kipi ni kipi.

"Haya, tujaribu," akaiambia motokari. "We uwe mujomba. Ambia mama hivi: mi Beya sina maneno mingi. Annie akicheka, mi nasahau kama sijakula. Akikasirika, mi naosha masahani bila kuambiwa. Mi naogopa kitu moja tu, kusikia banasema hapana, nirudi Kolwezi bila yeye." Hakuwa anacheka tena. "Kweli naogopa, mujomba. Ule mama hanijue. Angenijua, angenipa."

Akapangusa uso kwa kiganja, akaongeza mwendo.

"Piiiii!" Mkanda wa nyuma.

Nyumba za Mutoshi zikaanza kuonekana. Wazee walikuwa wanangoja kwenye viti, wamevaa vizuri. Atafikaje mbele yao na kelele kama za mtoto anayeumwa tumbo? Beya akasimama kando ya barabara. Akazima, akawasha. Ikalia zaidi. Akaipiga makofi, akaisihi kwa Kifaransa, akaitukana kwa Kiluba cha kwao. Wapi! Mwisho akainua mikono juu, nusu anacheka, nusu analia.

"Bon! Mwenye hajafunga mukaba huko nyuma, afunge basi! Namuomba, leo ni siku yangu!"

Nyuma, chini ya kitenge, kitu kikalia: tk. Motokari ikanyamaza.

"We motokari," ikasema sauti ya mama mtu mzima, taratibu, "ambia bwana yako, Annie ni wake. Na asigeuke!"