Sapu ya Godlove

Godlove alichana jalada la daftari lililoandikwa jina, akalisukumia motoni chini ya sufuria, ndipo akafungua kurasa za ndani na kuanza kusoma kwa sauti. Kila likizo alifanya hivyo. Madaftari yake yote ya chuo yalikaa vifua wazi.

Mdogo wake, Mama Nancy, alikuwa akigeuza kakao kwenye mkeka. Alikwishazoea.

Safari hii kaka mtu alirudi nyumbani Makwale na uso wa msiba. Alikuwa ameanguka kalkulasi ya juu, ile ya kuthibitisha kila neno kwa hoja, na sasa alingoja kurudia mtihani, sapu. Akianguka tena ni disko: anafukuzwa chuo kikuu akiwa mwaka wa tatu.

"Kwa kila epsiloni kubwa kuliko sifuri, ipo delta," alisoma. Akachora mstari uliopinda, unaoanza tambarare na kuishia umesimama wima. Akaandika delta moja, akasema itatosha mstari wote. Akakwama. Akafuta, akaandika ile ile.

Siku ya nne Mama Nancy akasema, mikono ingali kwenye kakao, "Kaka, hiyo delta si ndiyo hatua unayoruhusiwa kupiga? Na epsiloni ni kimo usichotakiwa kukizidi?"

"Ndiyo. Kwani vipi?"

"Ufukweni Matema ukipiga hatua, hupandi kitu. Ukiingia kwenye ile milima, hatua ile ile inakupandisha kimo cha mtu. Si lazima uifupishe? Wewe unataka moja itoshe kote."

Godlove aliuvuta mchoro. Kisha akaandika kurasa mbili bila kuinua kalamu.

"Nani kakufundisha?"

"Si wewe, unayenipigia kelele tangu Jumatatu."

Baba yao, Mzee Ambrose, alikuwa mlangoni ananoa panga. "Mama Nancy, mwache mwenzio. La saba lilikushinda, chuo kikuu utakiweza?" Alisema bila kumtazama, akachukua panga ambalo halijapata makali, akaondoka.

Neno lile halikuwa geni. Godlove alikuwa amerudia mwaka, ndugu hao wawili wakamaliza darasa la saba pamoja. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa, baba alikwenda kuyasoma peke yake, akarudi na jibu: nyumba hii kachaguliwa mmoja, Godlove. Wiki ile ile akampeleka kusoma Iringa, ingawa sekondari ya kata ilikuwa hapo hapo, ng'ambo ya mto.

Msichana alilia siku mbili. Halafu akaanza kuufanya upya mtihani wa hesabu kichwani, swali kwa swali, akilitafuta kosa. Hakuliona. Mwisho akakubali kwamba kosa lipo, ila yeye ndiye mjinga asiyeweza kuliona. Akaolewa, akaachika, akarudi kwenye kakao ya baba na mtoto mgongoni.

Godlove alikwenda kufanya sapu, akarudi kusubiri majibu.

Jumamosi moja, yeye na baba wakiwa kwenye shamba la mpunga, Ngonga, binti mwenye begi alisimama uani.

"Hodi. Hapa ndipo kwa Mzee Ambrose?"

"Ndipo. Karibu, mdogo wangu."

"Ndaga, asante. Naitwa Doreen, natoka chuoni, napita kwenda kwetu Matema. Namtafuta Atupele."

Mama Nancy akajifuta mikono kwenye kanga, akasimama. Tangu ajifungue hakuna aliyemwita jina lile, ambalo kwao hupewa wa kike na wa kiume. Alilipokea kama nguo ya zamani ambayo bado inamkaa.

"Ndiye mimi," akasema.

Doreen akacheka. "Hapana, dada. Yule kaka mrefu, tunasoma naye hisabati. Simu yake haipatikani. Mwambieni Atupele kafaulu sapu."