Kambare wa Mbaruku

Kila Jumapili, wakirudi kutoka bwawani na mishipi yao, Mbaruku alikuwa akinyoosha mkono wa kushoto na kuweka kiganja cha kulia begani: "Kambare wangu alikuwa hadi hapa!"

Shekue, mvuvi mwenzake, alikuwa akikishusha hicho kiganja mpaka kwenye kifundo cha mkono. "Acha uongo, bwana."

Leo Mbaruku alikuwa hoi kitandani. Wageni walipomwomba asimulie, kiganja kilitambaa juu ya mkono uliokonda, kikaishia kwenye kifundo.



Shekue akakishika kiganja cha rafiki yake, akakipandisha taratibu, kikavuka kiwiko, kikafika begani.

"Hadi hapa," akawaambia wageni. "Mimi ndiye niliyemchomoa ndoano."

Hakukiachia, hata walipoanza kuaga.