Alama Thelathini za Chura

Mnisamehe, hekaya hii nitaiharibu. Mdomo wangu hauna breki.

Chura alitabiri hali ya hewa kila asubuhi, na kila alipokosea, Kobe alichora alama kwenye kichuguu. Siku moja Bi Panya, mwenye vichanga sita kando ya mto, akaja kuuliza kama ahame.

"Leo jua tupu, mama. Tulia," alisema Chura.

Kobe akahesabu alama. "Siku thelathini, makosa thelathini."

Chura akajikunyata. "Basi naacha kazi."

"Uache? Mwenye uhakika kama wewe tutampata wapi? Bi Panya, hamisha watoto."

Jioni mto ulifurika, vichanga wakiwa kilimani, wakavu. Chura bado anatabiri. Wote hufanya kinyume, kisha humshukuru.

Isipokuwa mimi. Leo asubuhi nilimwamini, na suruali yangu iko kwenye kamba, inalowa.