Mstari wa Maziwa

Watu wa ukoo walikuwa wameshaanza kuondoka mkutanoni Bi Mwanaidi alipoinamia kompyuta ya Shaweji, mchora nasaba.

"Mwanangu, mimi niko wapi kwenye mchoro huu wa ukoo?"

"Huna mstari, bibi. Nukta isiyo na mstari, programu inaisukuma pembeni. Si ulikuwa yaya tu?"

"Yaya gani ananyonyesha? Huyu Faki wao nimemnyonyesha miaka miwili, mamake alipofariki."

Programu ile ilikuwa ya bure, na yeyote aliruhusiwa kuibadilisha. Shaweji akaiongezea mstari wa aina mpya, wa maziwa. Nukta ya Bi Mwanaidi ikateleza polepole hadi ubavuni mwa Faki.

"Mwite aone!" alisema Bi Mwanaidi.

Faki alikuwa ameshaondoka.

Hakurudi tena. Shaweji alimchapia bibi mchoro aubandike ukutani kwake, kisha akahamia mji mwingine. Bi Mwanaidi alizikwa na majirani, na wapangaji wa sasa wa chumba chake hawajaubandua mchoro ule ukutani.