Bangili za Mapacha

Siku hizi mapacha wakilazwa kwa kirusi, mmoja hupewa dawa na mwenzake maji ya chumvi, ili ijulikane kama dawa inafaa. Mzazi haambiwi nani kapata nini. Mashine inasoma bangili ya mkononi tu, kisha inadondosha dawa au maji kwenye mshipa. Anayegusa bangili, wanawe wanatolewa wodini.

Mama Kulwa hakuhitaji kuambiwa. Doto alikuwa ameshaanza kuomba uji, na Kulwa alihema kama aliyefukuzwa na mbwa. Muuguzi alipotoka, Mama Kulwa alizivua bangili za wanawe na kuzibadilisha. Kisha akakaa, akainuka, akakaa tena.

“Mbona hutulii, Mama Kulwa?” muuguzi aliuliza aliporudi.

“Nitulie vipi, dada? Mwanangu anazidiwa.”

Muuguzi alitazama mlangoni, akainama na kunong’ona. “Hili sikukuambia mimi. Dawa imeonekana inafaa, na Doto imeshamtosha. Tangu asubuhi anapewa Kulwa.”

Mama Kulwa aliitazama bangili mkononi mwa Kulwa, machozi yakamtoka.

“Usilie,” muuguzi alisema. Akavuta kiti, akaketi katikati ya vitanda viwili. “Leo sitoki hapa. Nitawalinda mwenyewe mpaka kuche.”