Damu ya Tunu

Asubuhi hiyo Bi Shemsa alikuja hospitalini akiwa ameazimia kuomba dawa ya viungo isimamishwe. Binti yake Tunu, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa amevimba magoti na vidole kwa muda mrefu, na sasa hata ndani ya kope zake kulikuwa kweupe.

"Daktari, dawa hii inamnyonya damu," alisema. "Maini anakula, juisi ya rosela anakunywa, na bado amepauka."

"Mama Tunu, tusubiri kwanza kipimo cha leo," Daktari Mbonea alimjibu kwa upole. "Chuma cha kutengenezea damu kimo mwilini mwake. Ugonjwa wa viungo ndio uliokifungia, na uboho ndani ya mifupa, unaotengeneza damu, ukazubaa. Dawa hii ikivituliza viungo, uboho utaamka."

"Uamke upesi, rosela nimeichoka," Tunu alinong'ona kutoka kitandani alikokaa, na daktari akacheka.

Muuguzi akaleta majibu. Kiwango cha damu kilikuwa kimepanda, kwa mara ya kwanza tangu mtoto augue. Bi Shemsa aliisoma karatasi mara mbili, akashusha pumzi.

"Basi aendelee na dawa yake," alisema.

Tunu alishuka kitandani peke yake, akainama kufunga viatu. Mama yake alinyoosha mkono kumsaidia, kisha akaurudisha mapajani. Vidole vya mtoto vilikuwa vizito bado, lakini viliusogeza mkanda wa kiatu, polepole, kuelekea kwenye tundu lake.